Sikio la Mzee Kailemia

Jumatatu, 3 Machi

Purity amenitumia daftari hili kutoka chuoni, na ndani ameandika maneno mawili tu: "Andika, Mama." Anasema nikiziandika hasira zangu nitaacha kuwafokea watu. Tutaona. Leo nimewafokea watatu kabla ya chai ya saa nne, na mmoja wao alistahili.

Niandike basi mimi ni nani. Mimi ni Jedidah, msimamizi wa chumba cha kukaushia katika kiwanda cha unga wa ndizi hapa Kanyakine. Wakulima wanaleta ndizi mbichi, akina mama thelathini wanamenya na kukata vipande, sisi tunavikausha, Kawira anavisaga. Unga unakwenda Nairobi kwa kampuni inayotengeneza uji wa watoto. Mimi ni mtu wa Mbeere niliyeletwa huku na ndoa, na Kimeru changu bado kinachekesha watu sokoni.

Meneja mpya ameanza kazi leo. Anaitwa Kajuju, hajafika miaka thelathini, na amewahi kufanya kazi katika kiwanda kikubwa Thika. Amekuja na buti za mvua kabla mvua yenyewe haijaanza. Hilo nimelipenda, ila sijamwambia.

Jumatano, 5 Machi

Kajuju ameingia chumbani kwetu akamkuta Mzee Kailemia amesimama mbele ya draya, ile mashine yetu ya kukausha kwa moto wa kuni. Mzee akavuta trei, akachukua kipande, akakipepea kipoe kwa sababu kipande cha moto hudanganya. Kisha akakiweka karibu na sikio la kulia akakivunja. Kikilia kwa mkato, kimekauka. Kikinung'unika, bado kina maji. Halafu akaandika kwenye daftari la draya: tarehe, idadi ya trei, masaa manane, jina lake. Miaka kumi na tisa kiwanda hiki hakijawa na kipimo kingine.

"Na siku Mzee akiwa mgonjwa?" Kajuju akauliza.

Mwiti, ambaye ndiye mtu wa moto, akacheka. "Madam, Mzee hakuwangi mgonjwa."

Wote wakacheka. Mimi nilijifanya naokota kitu sakafuni.

Jumanne, 11 Machi

Jambo jipya. Kajuju ametundika daftari jingine kwa kamba karibu na mlango wa kantini, kalamu ikiwa imefungwa hapo hapo. Analiita daftari la makosa. Kila mtu aandike kosa alilofanya au aliloona, ili wengine wajifunze. "Hakuna mtu atafutwa juu ya kitu ameandika hapa," akasema. "Kosa likifichwa litarudi. Likiandikwa, tunalimaliza pamoja."

Akina mama wa kumenya walimwangalia kana kwamba amewaambia wavue viatu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimelichungulia daftari la makosa. Kuna maandishi matatu. La kwanza: "Nilisahau kufunga mfereji wa maji." La pili: "Namshukuru Mungu, mimi sina kosa. Mwiti." La tatu ni salamu za mtu kwa shangazi yake.

Jumatano, 19 Machi

Mvua imefika. Ilianza saa saba mchana, na hadi saa nane uwanja wa kiwanda ulikuwa tope jekundu tupu na lori la ndizi limekwama langoni. Hewa ikiwa na maji hivi, vipande havitaki kukauka. Huu ndio wakati wa Mzee kutufaa, na huu ndio wakati ninaouogopa.

Wacha niandike, maana daftari hili ni langu na Purity yuko mbali.

Mzee Kailemia hasikii. Nililijua masika ya mwaka juzi. Alivunja kipande, nami nikiwa hatua tatu kutoka kwake nikakisikia kikinung'unika waziwazi, yeye akasema, "Iko sawa." Nilingoja aende chai, nikarudisha trei ndani kwa saa moja zaidi. Sikuandika kwenye daftari. Ningeandikaje? Jina lililopo pale ni lake. Tangu siku hiyo nimeongeza saa moja kila siku, kimya kimya, na unga haujawahi kurudishwa.

Ningemwambiaje? Nilipokuja hapa miaka kumi na mmoja iliyopita, hakuna aliyetaka kumfundisha mwanamke wa Mbeere anayechanganya maneno. Mzee alinisimamisha kando yake mwezi mzima, akinivunjia vipande sikioni. "Hii inasema nini, Mama Purity? Na hii?" Kila mtu chumbani mle amefundishwa na yeye. Mtu wa umri wake huwezi kumwambia sikio lake limekufa, tena mbele ya wanawake thelathini wenye visu na midomo.

Jumatatu, 24 Machi

Draya mpya imefika, ya umeme. Unaipa masaa, inajifunga mlango, inajizima yenyewe, halafu inamwaga vipande kwenye mapipa ya kwenda kwa Kawira. Fundi aliyeileta anasema joto lake ni sawa na la ile ya zamani. Mwiti ameizunguka mara mbili kama mtu anayenunua ng'ombe.

Kajuju aliagiza na kipima unyevu, lakini hakijafika.

Alhamisi, 27 Machi

Siku mbaya, na ubaya wake ni wangu.

Kajuju alikuja asubuhi amebeba madaftari yote ya draya ya miaka miwili, mgongo ukiwa umepinda kwa uzito. Wiki nzima amekuwa akiyasoma. Alikuwa na furaha, na furaha yake ndiyo iliyonichoma. Akafungua karatasi yake juu ya meza.

"Mama Purity, angalieni hii. Mwaka juzi mlikuwa mnakausha masaa kumi. Halafu tisa na nusu. Halafu tisa. Saa hii ni nane, hata wakati wa mvua. Mmekuwa mkijifunza polepole bila mtu kuwafundisha! Nitaseti draya mpya masaa nane."

Nilishangaa pia. Sikuwahi kuangalia kurasa za nyuma. Sikujua kwamba Mzee amekuwa akipunguza. Nilidhani sikio lake linazidi kuharibika tu.

Mzee alikuwa amesimama pale pale, kofia mkononi. Mwiti alikuwa mlangoni na kuni begani. Kawira alikuwa amekuja kuchukua gunia. Kajuju akatuangalia sote, kisha akaniangalia mimi kwa sababu mimi ndiye msimamizi.

"Hizi namba ni za ukweli, si ndio?"

Nilimwangalia Mzee. Alikuwa akitazama sakafu. Nilimwangalia Mwiti, naye akageuka kupanga kuni. Kawira akaanza kutafuta kitu ndani ya gunia tupu.

"Ni za ukweli," nikasema.

Nimekuwa mkali maisha yangu yote. Nimewafokea madereva, nimemfokea mchungaji kuhusu vipaza sauti. Lakini leo mdomo huu ulikuwa maji matupu.

Jumatano, 2 Aprili

Draya mpya imefanya kazi. Masaa nane, ikajizima. Nilichukua kipande kutoka pipani, nikakiacha kipoe, nikakivunja karibu na sikio. Mvua ilikuwa ikipiga mabati kwa nguvu. Nikajiambia sikusikia vizuri kwa sababu ya mvua.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Magunia arobaini yamekwenda Nairobi.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Mchungaji alihubiri juu ya Petro kumkana Bwana mara tatu. Nilikaa nyuma ya nguzo.

Jumanne, 29 Aprili

Yamerudi, yote arobaini.

Lori liliingia saa tano, na kabla hata turubai halijafunuliwa tulisikia harufu. Kawira alifungua gunia moja na kuingiza mkono, akatoa bonge la unga lenye madoa ya kijani. Wale wa Nairobi waliugundua ukungu huo kabla unga haujafika kwa mtoto yeyote, na kwa hilo nimemshukuru Mungu kwa machozi nikiwa nimejificha choo cha wanawake. Ule ni uji wa watoto.

Kajuju alisimama kwenye mvua bila mwavuli akihesabu magunia, kana kwamba huenda moja limesalimika.

Jumatatu, 5 Mei

Bwana Gitobu, mwenye kiwanda, alikuja na gari lake jeupe. Hakupiga kelele. Alimwita Kajuju ofisini, na kwa vile ukuta ni wa mbao, wote tulisikia.

"Miaka kumi na tisa tumekausha kwa sikio la Mzee Kailemia na hakuna gunia lilirudi. Wewe miezi miwili, arobaini. Niambie shida ni gani."

"Nilifuata daftari, sir."

"Daftari ni ya Mzee, na Mzee hajawahi kukosea. Ukipata sababu kabla ya Ijumaa, nitaskia. Usipopata, Ijumaa uache funguo na askari."

Akatoka. Kajuju naye akatoka baadaye, macho mekundu, akaenda moja kwa moja kwenye daftari la makosa. Akaandika: "Niliseti masaa nane. Sijui nilikosea wapi. Mwenye kujua anisaidie. Kajuju."

Sijaweza kula mchana. Nimesoma mstari huo mara nne, na hasira niliyonayo sina wa kumpelekea ila mimi mwenyewe. Msichana huyu ametuamini, na atafutwa kwa kutuamini.

Jumatano, 7 Mei

Nimeamua kusema, lakini si kabla ya Mzee kusikia kutoka kwangu. Kumwandika mtu wa umri wake ukutani kabla ya kumweleza nyumbani kwake, hapana.

Niliomba ruhusa mapema, nikanunua sukari kilo mbili na majani, nikapanda hadi kwake juu ya mto. Mke wake, Mama Ednah, alinipokea kwa mikono miwili, akaweka chai, akatuacha. Nilikunywa kikombe kizima nikizungumzia kabeji zao. Ndipo nikasema, kwa sauti kubwa ya kumfikia.

"Mzee, nimekukosea. Tangu mwaka juzi ukisema vipande vimekauka, mimi narudisha ndani. Naongeza saa moja ukienda chai. Sikukuambia."

Kuku aliingia, akatoka. Nilidhani atanifukuza.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Nilijua kuna mtu. Unga ulianza kuwa mweusi na uchungu kidogo. Nikajua mtu anaongeza moto baada yangu. Sasa ningefanya nini? Nikapunguza. Mkiongeza, napunguza. Mkiongeza tena, napunguza tena. Ndio maana nilifika masaa nane."

Nilibaki na kikombe hewani.

"Kwa nini hukuniuliza, Mzee?"

"Nilifikiri mwanafunzi wangu ameona siwezi tena. Sikutaka kukuaibisha kwa kukuuliza." Akageuza kichwa na kunielekezea upande wa kushoto. "Sikio la kulia lilikufa, Mama Purity. Lilianza na kuuma, kisha likanyamaza. Hili lingine linabahatisha. Hata Mama Ednah sikuwa nimemwambia, lakini yeye amejua. Anapika akiniimbia, na siku hizi anaimba kwa nguvu."

Nililia. Yeye alinikemea, akasema machozi yataharibu chai ya watu. Kisha nikamweleza kuhusu Kajuju na Ijumaa. Maneno yale ya ofisini tuliyoyasikia sote, yeye hakuyasikia. Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Alisimama akatafuta kofia yake, kana kwamba tunatoka saa hiyo hiyo. "Huyo ni mtoto wa watu," akasema. "Kesho unaandika yako, na yangu unaandika chini yake. Mimi nitaweka sahihi."

Alhamisi, 8 Mei

Nitaandika yote, hata mkono ukichoka.

Chai ya saa nne, watu wote kantini. Mzee alikuja amevaa koti lake la kanisani. Nililifungua daftari la makosa kutoka kwenye kamba, nikasoma kwa sauti nilichoandika alfajiri: kwamba nimekuwa nikiongeza saa moja bila kuiandika, na kwamba Kajuju aliponiuliza kama namba ni za kweli, nilidanganya. Kisha nikasoma la Mzee: sikio, na kupunguza. Mzee akachukua kalamu mbele ya wote akaweka sahihi polepole, ile ile ya kila siku.

Halafu Mwiti akakohoa.

"Mimi pia," akasema. "Nilikuwa naongeza kuni. Mzee akisema iko sawa, mimi natupa kuni tatu zingine ndiyo moto usishuke. Nilifikiri ni mimi peke yangu nimejua."

"Wewe Mwiti!" nikasema. "Na uliandika huna kosa!"

"Na mimi," Kawira akasema kwa sauti ndogo. "Zikifika kwangu nilikuwa nazitandaza juu ya injini ya kinu kama nusu saa kabla nisage. Si ziliendelea kukuja zikiwa laini. Mashine mpya ilipokuja nikaacha."

Mama mmoja wa kumenya akainua mkono akasema wao siku hizi hukata vipande vyembamba zaidi, ili Mzee asipate shida. Hapo kantini ikalipuka. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, na Mzee, ambaye sina hakika alisikia yote, alicheka kuliko wote.

Kajuju hakucheka. Alikuwa amekaa na karatasi yake ya namba, anaongeza kwa kalamu: saa yangu, kuni za Mwiti, nusu saa ya Kawira, unene wa vipande. Aliandika, akafuta, akaandika. Mwishowe akaweka kalamu chini.

"Kumbe daftari haikuwa na masaa," akasema. "Ilikuwa na adabu. Mimi nilichukua heshima yenu yote nikaiseti kwa mashine."

Kisha naye akacheka, na katikati ya kucheka akalia, na Mama wa vipande vyembamba akamkumbatia na aproni yake iliyojaa utomvu wa ndizi.

Ijumaa, 9 Mei

Bwana Gitobu alisoma kurasa zile mara mbili akiwa amesimama. Akauliza kama ni mzaha. Mzee akamwambia si mzaha.

Funguo zimebaki kwa Kajuju. Wale wa Nairobi wamekubali kupokea sampuli moja kabla ya kuamua. Mimi nimepewa barua ya onyo kwa kudanganya, na nimeitia sahihi bila kubishana, jambo ambalo limemshangaza kila mtu anayenijua.

Kuhusu Mzee, Bwana Gitobu alitaka kumwandalia karamu ya kumuaga, blanketi na mbuzi. Kajuju alikataa. "Sir, anajua harufu, anajua rangi, anajua ndizi ya Mikumbune na ya Igoji zinakaukaje. Hiyo yote haiko kwa daftari yoyote. Akienda leo, tumeanza sifuri." Basi amebaki, lakini daftari la draya hatalitia sahihi tena. Alipoambiwa, aliifuta kofia yake kwa kiwiko na kusema sawa. Iliniuma kumtazama.

Jumatatu, 12 Mei

Kipima unyevu kimefika. Ni kidogo kama kitabu cha nyimbo. Mzee amekipinga nusu siku, kisha akaomba aonyeshwe kinavyoshikwa.

Jumanne, 20 Mei

Mvua imepungua. Mzee anafundisha akina mama wanne, pamoja na Kajuju. Anawatafunisha vipande, anawanusisha, anawaambia wafumbe macho. Kila saa inayoongezwa inaandikwa, na jina la aliyeongeza. Ukurasa mmoja una majina matano na umechafuka kwa kufutwafutwa. Kajuju ameupiga picha.

Ijumaa, 30 Mei

Sampuli imekubaliwa. Kawira ameleta soda.

Jumanne, 3 Juni

Jua limetoka, na uwanja unaanza kukauka pembeni. Leo tumekausha magunia ya kwanza ya kupeleka Nairobi.

Draya ilipojizima, tulisimama kuizunguka, Mzee akiwa katikati. Alichukua kipande kutoka pipani, akakipepea, akakitia mdomoni na kukivunja kwa meno ya mbele. Akatafuna taratibu. "Iko sawa," akasema.

Mimi nilichukua cha pipa lile lile, nikakingoja kipoe, nikakivunja sikioni. Kilinung'unika. Kipima unyevu kilikuwa mkononi mwa Kajuju, lakini hakukiinua. Alikuwa akiningoja.

"Bado, Mzee," nikasema. Nililisema chini chini, nikitazama viatu vyangu, kama nilivyozoea kusema naye miaka yote.

Mzee Kailemia akanigeuzia upande wa kushoto na kukinga mkono nyuma ya sikio.

"Sijasikia," akasema. "Sema tena."

Tangu nimjue hajawahi kusema neno hilo mbele ya watu. Nikavuta pumzi.

"Bado, Mzee! Kina maji!"

Akina mama upande wa pili wakasimamisha visu. Mzee akatafuna kidogo tena, akafikiri, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akatoa kalamu kwenye mfuko wa shati lake, ile aliyotilia sahihi miaka kumi na tisa, akanipa.

"Basi andika," akasema.